Mwongozo kamili: jinsi ya kuchagua kichwa cha tripodi na pleti ya kamera

Bibi harusi akishaingia ukumbini, hakuna atakayekusubiri ufungue skrubu chini ya kamera. MC ameshatangaza, muziki umeshapigwa, wageni wamesimama na simu zao juu. Kamera inatakiwa itoke kwenye tripodi, iende mkononi, irudi kwenye tripodi, yote kabla maharusi hawajafika meza kuu. Vitu viwili ndivyo vinavyokuwezesha kufanya hivyo, na wengi wetu huvinunua mwisho kwa hela iliyobaki baada ya kamera na lenzi: kichwa cha tripodi, yaani kifaa kinachokaa juu ya ile miguu mitatu na kuigeuza kamera, na pleti inayoishika kamera.

Nawaandikia wanaofanya kazi hapa Dar es Salaam: harusi na send-off, ibada zinazorushwa mubashara, picha za bidhaa za maduka ya mtandaoni, majengo, mechi, ndege wa pwani. Msimamo wangu ni mmoja: chagua mfumo wa pleti kwanza, kichwa kitafuata. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana begi moja linakuwa na pleti za aina tatu zisizoingiliana.

Hatua ya 1: Pima uzito, kisha pima urefu

Chukua kamera yako na lenzi nzito kuliko zote ulizonazo, weka betri, flashi au maiki unayotumia, kisha pima vyote pamoja kwenye mizani. Ya jikoni inatosha, na muuza duka wa mtaani hatakunyima yake. Mfano: Canon 5D Mark IV ikiwa na betri ina gramu 890 hivi, na lenzi ya Canon EF 70-200mm f/2.8L IS III ina gramu 1,480 hivi. Hapo umeshapita kilo 2.3 kabla ya flashi na maiki. Weka na skrini ya pembeni, unakaribia kilo 3.

Sasa utaona kwenye boksi la kichwa cha tripodi imeandikwa "kilo 8" au "kilo 15". Usiichukue namba hiyo kama ilivyo. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote: mmoja hupima uzito uliosimama wima juu ya kichwa, mwingine hupima ukiwa umeinama. Kamera iliyolala upande ina kazi tofauti kabisa. Kilo 2 zinazoning'inia sentimita 15 mbele ya kichwa hukivuta mara tatu zaidi ya kilo hizo hizo zikiwa sentimita 5. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni kuchagua kichwa kilichoandikiwa angalau mara tatu ya uzito wa vifaa vyangu, na kama lenzi ni ndefu, zaidi ya hapo.

Lenzi ndefu ikija na pete yake ya kufungia tripodi, itumie. Watu huiacha nyumbani kwa kuwa inaongeza uzito, halafu wanafunga kamera kwa tumbo lake huku lenzi yote ikining'inia mbele. Pete inaupeleka uzito katikati, na kichwa cha wastani ghafla kinatosha.

Hatua ya 2: Chagua mfumo wa pleti

Pleti ni kipande cha chuma kinachokazwa chini ya kamera kwa skrubu na kubaki hapo siku zote. Kibano ni sehemu ya juu ya kichwa inayoikamata. Ukizunguka madukani Kariakoo au Posta utakuta maumbo mengi, lakini yanayokuhusu ni mawili.

La kwanza ni umbo la Arca-Swiss, lililopewa jina la kampuni iliyolianzisha. Ni pleti yenye upana wa milimita 38 hivi, kingo zake mbili zimekatwa mshazari, na kibano huzibana kutoka pande zote mbili. Kampuni nyingi sasa zinatengeneza pleti na vibano vya umbo hili, na faida yake ndiyo hiyo: pleti uliyonunua leo itaingia kwenye kichwa utakachonunua baada ya miaka mitano, hata kama ni cha kampuni nyingine. Kwa picha za mnato sioni sababu ya kuchagua kingine chochote.

La pili ni pleti ndefu ya video ya umbo la Manfrotto 501. Hii ni pana zaidi, na huteleza mbele na nyuma kwa nafasi kubwa ili usawazishe kamera. Vichwa vingi vya video vinavyouzwa hapa mjini, hata vya kampuni nyingine, vimeiga umbo hili.

Kuna pia pleti ndogo ya Manfrotto 200PL, ya vibano vya RC2, ambayo wapiga picha wengi wa zamani bado wanayo. Ni imara, na wenzo (mkono wa kufungia) wa kibano chake una kizuizi cha pili cha usalama. Tatizo lake ni kwamba haitelezi. Kama umeshaizoea na hutaki kuanza upya, Manfrotto wenyewe wana pleti ya 200PL-PRO inayoingia kwenye RC2 na pia kwenye vibano vya Arca-Swiss, kwa hiyo unaweza kuhama taratibu.

Anayepiga picha na video kwa kamera ileile afanyeje? Weka pleti ya Arca-Swiss chini ya kila kamera na usiitoe tena. Kisha nunua kibano kidogo cha Arca-Swiss, kifunge juu ya ile pleti ndefu ya 501 kwa skrubu mbili, kiache hapo moja kwa moja. Kamera sasa inatoka kwenye tripodi ya picha, inaingia kwenye kichwa cha video, inatoka tena, bila alenki (ufunguo wa pembe sita) na bila sarafu. Skrubu ziwe mbili kwa sababu moja itaruhusu kibano kuzunguka siku ukigeuza kamera kwa nguvu. Hata wenye gimbali za mkononi, vile vifaa vya umeme vinavyotuliza kamera, wanafaidika: pleti ya juu ya DJI RS 2, kwa mfano, ni ya umbo la Arca-Swiss, na ya chini ni ya umbo la Manfrotto.

Mambo ya kuangalia kwenye pleti yenyewe:

- Ukingo au vijino vinavyoegemea mwili wa kamera ili isizunguke. Pleti tupu yenye raba peke yake italegea ukisimamisha kamera wima, hasa kwenye joto letu, maana raba inalainika. Pleti iliyochongwa kwa modeli ya kamera yako ni bora kuliko ya kila kamera.
- Skrubu fupi za kuzuia kwenye ncha za pleti, ili isiteleze ikatoka kibano kikilegea. Hakikisha kibano chako kina mfereji wa kuzipokea. Kisipokuwa nao, pleti itakaa juu ya skrubu hizo badala ya kukaa kwenye kibano, na utadhani imeshika.
- Urefu wa skrubu kuu. Sony, kwa mfano, wanaelekeza kwenye vitabu vyao vya kamera kwamba skrubu iwe fupi kuliko milimita 5.5. Ndefu zaidi inasukuma sakafu ya tundu na inaweza kuharibu kamera.
- Uelekeo. Pleti ya mwili wa kamera kwa kawaida hulala kulia-kushoto, ya pete ya lenzi hulala mbele-nyuma. Ukitumia zote mbili, kichwa cha video au cha njia tatu kitakulazimu ugeuze kibano kila mara. Pleti ndogo ya mraba yenye mshazari pande zote nne inamaliza usumbufu huo.

Ukipiga sana picha za wima za Instagram na TikTok, nunua pleti ya umbo la L. Inapanda hadi ubavuni mwa kamera, kwa hiyo unaitoa kamera kwenye kibano, unaigeuza, unairudisha, na uzito unabaki juu ya tripodi badala ya kuning'inia pembeni. Bei yake inawatisha wengi. Kwangu mimi ndiyo pleti ya kwanza ningemshauri anayepiga watu, kabla hata hajabadilisha kichwa.

Upande wa kibano, chaguo ni nobu ya kuzungusha au wenzo wa kufunga kwa mpigo mmoja. Wenzo ni wa haraka. Lakini watengenezaji wa pleti za umbo la Arca-Swiss hutofautiana kidogo vipimo, na wenzo usiorekebishika unaweza kuibana pleti moja vizuri na kuiacha nyingine ikicheza. Nobu inabana kila upana. Kama pleti zako zimetoka sehemu mbalimbali, chukua nobu. Kama zote ni za kampuni moja na kazi yako ni ya haraka, chukua wenzo wenye kizuizi cha pili.

Hatua ya 3: Chagua kichwa kwa kazi inayokulisha

Kichwa cha gololi, ambacho madukani wanakiita bolhedi, kina mpira wa chuma ndani ya kikombe. Legeza nobu moja, kamera inakwenda kila upande, kaza, inasimama. Kwa harusi, picha za watu na safari ndicho kinachofaa zaidi. Angalia kipenyo cha gololi kuliko namba ya kilo: gololi ya milimita 30 hivi inatosha kamera ndogo isiyo na kioo cha ndani na lenzi fupi, lakini kwa 70-200mm tafuta milimita 44 au zaidi. Kiwe na nobu tatu: ya kufunga gololi, ya kurekebisha msuguano, na ya kuzungusha kitako peke yake. Nobu ya msuguano ndiyo inayookoa kamera. Ikiwekwa sawasawa, ukilegeza nobu kuu kamera inabaki palepale badala ya kuanguka na pua. Kichwa kisicho na nobu hiyo sikishauri kwa mtu yeyote mwenye lenzi nzito.

Kichwa cha njia tatu kina mikono mitatu, kila mmoja kwa uelekeo mmoja. Ni kizito na mikono yake inasumbua kwenye bodaboda, lakini kwa anayepiga vyakula, nguo au viatu vya duka la mtandaoni, au ndani ya nyumba za kupangisha kule Masaki na Mbezi Beach, kinampa kitu ambacho gololi haiwezi: kurekebisha mlalo bila kugusa mwinamo. Kuna aina yenye gia inayosogea kidogo kidogo kwa kuzungusha nobu. Kwa picha za majengo hiyo ni raha tupu.

Kichwa cha video ndicho kinachochanganya watu zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Kichwa halisi cha video kina vyumba vyenye kimiminika kizito ndani, ndicho kinachofanya mzunguko uanze polepole na uishe polepole. Vingi vya bei ya chini vimepakwa grisi tu kati ya vyuma viwili. Jina kwenye boksi ni lilelile. Tofauti utaiona unapomfuata mchungaji anayetembea jukwaani: cha grisi kinakwama, halafu kinaruka. Jambo la pili ni springi inayobeba uzito wa kamera. Ikilingana na uzito wako, ukiinamisha kamera na kuachia mkono inabaki pale ulipoiacha. Vichwa vingi vidogo vina springi isiyorekebishika, iliyopangwa kwa uzito mmoja. Ikiwa kamera yako ni nyepesi kuliko hapo, kichwa kitakuwa kinakurudishia kamera juu kila ukiiinamisha. Ikiwa ni nzito zaidi, inazama. Hii ndiyo sababu ya kupima uzito kwenye hatua ya kwanza: hapa hutafuti kichwa kikubwa kuliko vyote, unatafuta kinacholingana.

Jambo la tatu ni kitako. Vichwa vya video vina kitako bapa chenye tundu la skrubu, au nusu-mpira wa milimita 75 au 100 unaokaa kwenye bakuli la miguu. Anayepanga kufanya video kwa miaka achukue bakuli la 75. Ukumbi ukiwa na sakafu ya mteremko, au uko kwenye nyasi za bustani Kigamboni, unalegeza mpini mmoja chini, unaangalia pimamaji, unakaza. Mwenye kitako bapa atakuwa bado anavuta na kurudisha miguu.

Kwa lenzi za milimita 400 na kuendelea, zile za mechi Uwanja wa Benjamin Mkapa au za ndege, kuna kichwa cha gimbali cha kuning'iniza lenzi kwenye mkono wa umbo la L. Usikichanganye na gimbali ya umeme ya mkononi. Kama huna lenzi hizo, kipite.

Hatua ya 4: Jaribu dukani, na kamera yako mwenyewe

Nenda na kamera, lenzi nzito na pleti yako. Muuzaji anayekataa usijaribu, mshukuru uende duka jingine.

Kwa kichwa cha gololi: funga kamera, washa skrini, elekeza kwenye herufi za bango la duka ng'ambo ya barabara, kuza picha mara 10. Kaza nobu. Toa mkono. Angalia herufi. Kila kichwa kinashuka kidogo kinapofungwa, ila cha heshima kinashuka nywele tu na kusimama. Kibovu kinaendelea kushuka polepole hata baada ya sekunde kumi. Kisha gusa ncha ya lenzi kwa kidole na uangalie mtikisiko unachukua muda gani kutulia. Mwisho, legeza nobu taratibu. Gololi inatakiwa itembee laini. Ukisikia inang'ang'ania halafu inaachia ghafla, kiache.

Kwa kichwa cha video: funga kamba ya mpira kwenye mpini, vuta kamba badala ya mpini. Mpira utavutika, kisha kichwa kianze kutembea bila kuruka. Rudia ukiwa umeinamisha. Halafu zungusha, simama ghafla, achia mpini, na uangalie kama picha inarudi nyuma. Kinachorudi kitakuharibia kila mwisho wa shuti.

Pleti nayo: ifunge kwenye kibano, shika kamera kwa mikono miwili, jaribu kuizungusha. Mchezo wowote unaousikia mkononi utauona mara mbili kwenye picha.

Dai risiti ya EFD, na hakikisha jina la modeli limeandikwa. Bila hiyo, dhamana ya mdomo haina nguvu.

Hatua ya 5: Funga vizuri

Miguu mingi mizuri ina skrubu ya inchi 3/8 juu, ya kupokea kichwa. Kamera ina tundu la inchi 1/4. Vichwa vidogo vingine vina tundu la 1/4, na kuna kipande cha kati cha shaba au chuma kinachogeuza moja kuwa nyingine. Kikaze mpaka mwisho kabla ya kufunga kichwa, la sivyo siku ya kutoa kichwa, kipande hicho kitabaki ndani.

Pandisha kichwa kwa mkono mpaka kiguse kitako chote cha miguu, ndipo ukaze. Geuza miguu uangalie chini ya kitako chake: ikiwa kuna skrubu ndogo tatu za alenki, zikaze sasa. Zinasukuma kitako cha kichwa na kukizuia kufunguka. Bila hizo, kila ukizungusha kamera kwenda kushoto huku nobu ya mzunguko ikiwa imekaza, unakifungua kichwa kidogo.

Pleti ikaze kwa alenki, siyo kwa kucha. Kama ina mfereji wa sarafu, sarafu ya shilingi 200 inafanya kazi, lakini weka alenki moja kwenye begi na nyingine uifunge kwenye mguu wa tripodi.

Kila unapoweka kamera kwenye kibano, fuata mpangilio huu bila kuuruka: weka, funga, vuta juu kwa mkono mmoja, ndipo uachie. Kuvuta juu kunachukua nusu sekunde na kunakuonyesha kama pleti imeingia au imekalia ukingo. Mkanda wa kamera ubaki shingoni au umezungushwa kwenye mpini mpaka umeshavuta.

Ukumbini, usisimamishe tripodi juu ya jukwaa la mbao watu wanalochezea, wala karibu na spika za besi. Hakuna kichwa kitakachozuia sakafu kutikisika. Ufukweni, hasa upepo wa kusi ukivuma, ning'iniza begi kwenye ndoano ya katikati huku likigusa chini. Likielea hewani linayumba na kuitikisa kamera.

Hatua ya 6: Chumvi, mchanga na bodaboda

Hewa ya pwani inakula chuma. Ukitoka Coco Beach au Kigamboni, futa kichwa na kibano siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Usimwage maji juu ya kichwa cha video. Mchanga kwenye kibano utoe kwa brashi ya rangi, laini, kabla ya kubana, kwa sababu chembe moja kati ya pleti na kibano inakwangua aluminiamu na kuacha mchezo wa kudumu.

Usipake mafuta ya cherehani wala dawa ya kulegezea nati kwenye gololi. Gololi inashika kwa msuguano. Ukiipaka mafuta haitashika tena, na ukipulizia ndani ya kichwa cha video unaweza kuharibu kimiminika na raba zinazokizuia kuvuja. Nyuzi za skrubu zinaweza kupakwa grisi kidogo sana, na ndizo peke yake.

Mtikisiko wa bodaboda na bajaji unalegeza skrubu taratibu bila wewe kuona. Asubuhi ya kazi, kabla hujatoka nyumbani, pita na alenki kwenye pleti zote, skrubu tatu za chini ya kichwa, na skrubu za kibano chenyewe. Nobu zote za kichwa zilegeze kwa safari, gololi isikae imebanwa saa nzima kwenye foleni ya Mandela huku kichwa kikigongwa. Kwenye begi weka pleti moja ya akiba ya umbo lilelile, maana kamera ya pili ya kuazima karibu kila mara huja bila pleti.